Gwaride la Watu Tisa

Kila Jumamosi, saa tisa alasiri ikishapita, wastaafu watatu wa polisi walikutana uani kwa Masele, kule Igoma, kunywa chai ya tangawizi na kuwakamata upya majambazi waliokwisha kufa zamani. Hivyo ndivyo Dorotea, mke wa Masele, alivyopenda kuwaambia majirani, na majirani walicheka. Mashimba, aliyestaafu akiwa mkaguzi, alipewa kiti chenye mikono, kwa kuwa mtu hustaafu lakini cheo hakistaafu. Chenge, koplo mpaka siku ya mwisho, alikalia stuli. Masele mwenyewe, stafu sajenti, alikaa upande upande kwenye benchi lililo karibu na mlango, maana tangu Pasaka alitembea na mpira wa mkojo uliofungwa pajani, na hakutaka wenzake wauone.

Siku hiyo walianza na vijana wa leo. Mashimba alikuwa ameona kwenye simu video ya askari wakimpiga mtu mateke sokoni, na nchi nzima ilikuwa ikiwalaani. Alisema askari wa siku hizi kazi hawezi kuifanya, maana hata kofi moja linarekodiwa. Chenge akakumbusha habari za majambazi wa ziwani waliopora injini za mitumbwi na kuwatosa wavuvi majini. Enzi zile, alisema, mtu akishikwa na injini isiyo yake hakuulizwa mara mbili. Wakatoka hapo wakaingia kwenye wizi wa benki, kisha kwenye mauaji ya vikongwe, na hapo kila mmoja akajua wanakoelekea. Mazungumzo yao yalikuwa kama ng'ombe wa jioni, hayakukosa njia ya zizini.

"Hebu mwambie Chenge ile ya kisiwani," Mashimba alisema, ingawa Chenge alikuwa ameisikia labda mara mia.

Masele akajiweka sawa kwenye benchi. Miaka ishirini na moja iliyopita, katika kisiwa kimoja cha ziwa hili, bibi mmoja alikatwa mapanga ndani ya nyumba yake, akidaiwa kuwa mchawi kwa sababu ya macho mekundu. Redio zilipiga kelele. Wakubwa wakataka mtu apatikane ndani ya siku saba. Akapatikana Okeyo, mvuvi kutoka Mara, mgeni asiye na ndugu kisiwani, ambaye wiki moja kabla alikuwa amegombana na marehemu kuhusu mahali pa kuanikia dagaa. Shahidi aliyeshuhudia alikuwa mmoja tu, mke mwenza wa marehemu, na moshi wa jikoni ulikuwa umekwisha kumla macho. Likaitishwa gwaride la utambulisho: watu tisa wamepangwa mstari, mtuhumiwa akiwa kati yao, na shahidi anapita mbele yao amguse begani yule aliyemwona.

"Sasa kikongwe haoni hata ng'ombe aliyelala njiani, atamgusa nani?" Masele aliuliza, naye Chenge akaanza kucheka kabla ya wakati. "Nikachukua jagi la maji. Kabla ya kumtoa jamaa mahabusu nikammwagia mabegani. Nikamwambia bibi, wewe pitisha mkono taratibu, ukifika penye shati bichi, hapo hapo. Na jamaa alikuwa mjanja. Sheria inampa haki ya kuchagua pa kusimama. Akasimama wa tatu. Bibi akamgusa. Akadai gwaride lirudiwe, akahamia wa nane. Bibi huyo, mmoja, mmoja, mpaka wa nane."

"Jaji akaandika," Mashimba akamalizia, kidole juu, "kwamba shahidi alimtambua mshtakiwa mara mbili, mahali pawili tofauti, bila kusita."

"Na alipolalamika kortini kwamba shati lake lilikuwa limelowa?" Chenge alichokoza.

"Akaulizwa, wewe mvuvi, shati lako huwa linakauka lini?"

Wakacheka mpaka Mashimba akafuta machozi. Dorotea, aliyekuwa amesimama nyuma ya mumewe na birika mkononi, naye alitabasamu kama alivyotabasamu miaka yote, kwa heshima ya wageni. Ndipo akahisi kuna kitu kimepungua uani. Cherehani ya mpangaji wao ilikuwa kimya. Binti yule alishona sare za shule kutwa nzima huku mlango wa chumba chake ukiwa wazi, na mlio wa cherehani yake ulikuwa umekuwa sehemu ya nyumba. Dorotea alitazama kule. Binti alikuwa ameketi mbele ya kitambaa cha bluu, mikono mapajani, akiwatazama wazee.

*

Mpangaji huyo aliitwa Akeyo. Alikuwa amekaa pale miezi minne, mpole, msafi, hajui kuchelewesha kodi. Jumapili, Dorotea alipotoka kanisani na kukaa jikoni kuchambua dagaa, Akeyo aliingia, akaamkia shikamoo, akachuchumaa na kuanza kumsaidia. Wakachambua mpaka ungo ukafika nusu.

"Mama," Akeyo alisema hatimaye, "yule mwenye shati bichi ni baba yangu."

Dorotea hakuacha kuchambua. Mikono ilikwenda yenyewe, vichwa huku, dagaa kule. Akeyo alisema kwamba hakufika nyumba hii kwa bahati. Jina la Masele alilikuta kwenye nakala ya hukumu, akaulizia kwa wastaafu mpaka akafika Igoma, na aliposikia kuna chumba kinapangishwa akahamia. Alitaka kumwomba mzee aseme kweli, ila alikosa pa kuanzia. Alikuwa amejiandaa kukutana na mtu katili. Akakutana na mzee anayemuuliza kila asubuhi kama amelala salama, aliyewahi kumshikia taa umeme ulipokatika ili amalize kushona.

Hasira ndiyo iliyotangulia kumpanda Dorotea. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea. Mtoto huyu amekula chungu kimoja na sisi akiwa na lake moyoni. Lakini binti aliendelea, sauti ileile ya chini. Baba yake alihukumiwa kunyongwa, baadaye ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Rufaa ilitupwa kwa sababu ya gwaride lile. Sasa kisukari kimemla mguu, umekatwa chini ya goti, na mwingine umeanza kuwa mweusi. Yuko wakili mjini anayesaidia watu wasio na uwezo, naye amesema mlango uliobaki ni mdogo sana: askari mmoja aliyekuwepo akiapa jinsi gwaride lilivyoendeshwa, anaweza kuandika ombi.

"Simwombi mzee pesa, wala sitaki afungwe," Akeyo alisema. "Nataka amwambie wakili kile anachowaambia rafiki zake."

Dorotea alimjibu kwamba ataona. Alipobaki peke yake aliona aibu, aibu ya kweli, na ilikuwa na sababu yake. Shangazi yake mwenyewe alikatwa mapanga kule Misungwi, miaka ya themanini, kwa macho hayohayo ya moshi, na hakuna aliyewahi kukamatwa. Kwa hiyo miaka yote hii aliposikia kesi ya kisiwani alijiambia kwamba angalau bibi mmoja alipata haki yake, na aliyemtafutia ni mume wangu. Ile habari ya maji aliiona kama chumvi kwenye mboga. Hakuwahi kuisikiliza kama mtu mwenye akili anavyosikiliza.

*

Masele alipoambiwa alicheka kwanza, kisha akampigia simu Mashimba. Kesho yake Mashimba akaja akiwa amevaa koti, ingawa jua lilikuwa kali. Aliketi kwenye kiti chake, akaagiza binti aitwe, na alipokuja hakumkaribisha kukaa. Akamsimamisha katikati ya ua, huku wapangaji wengine wakichungulia nyuma ya mapazia.

Alimuuliza jina kamili. Alimuuliza kabila, alikozaliwa, jina la mama yake, nani amemtuma, nani anamlipia wakili. Aliuliza maswali yaleyale mara mbili kwa kuyapindua, kama alivyofanya kazini miaka thelathini. Akeyo alijibu kila moja, "ndiyo mzee," "hapana mzee," nyuzi za bluu zikiwa zimemnasa kwenye sketi. Dorotea alitaka kumletea kigoda, na hakumletea.

"Maneno ya kwenye chai si ushahidi, binti," Mashimba alisema mwishowe. "Wazee wanapiga soga. Ukienda kutangaza soga za watu, unajitafutia kesi."

"Nimeelewa, mzee," Akeyo alijibu. "Lakini ni ya kweli?"

Masele alikuwa akitazama kandambili zake. Mashimba akasimama, akafunga vifungo vya koti, akamwagiza Masele kwamba chumba kiwe wazi kufikia mwisho wa mwezi. Alitoa amri hiyo katika ua usio wake, na mwenye ua akaitika, "Ndiyo, afande."

Alipoondoka, Dorotea alimfuata mumewe ndani. Ilikuwa zamu ya kumwaga mfuko wa mkojo na kumsafisha, kazi aliyoifanya mara tatu kwa siku kwa kuwa Masele hakutaka mkono mwingine. Alipiga magoti mbele yake na beseni.

"Baba Evelina, yule mtu aliua?"

"Sijui."

"Miaka yote hii unasimulia, kumbe hujui?"

"Kazi yangu ilikuwa kupata mtu. Kujua ni kazi ya mahakama." Akasita, akaongeza kwa sauti ya chini, "Mashimba ndiye aliyeniagiza. Mimi nilishika jagi tu."

"Basi sema hivyo. Sema ulishika jagi."

"Nikisema hivyo, Mashimba anasema hajui lolote, na jagi linabaki mkononi mwangu." Alimtazama. Katika miaka arobaini na moja ya ndoa Dorotea alikuwa amemwona akifoka, amemwona amelewa, amemwona akicheza harusini mpaka viatu vikakatika. Hakuwa amemwona akiogopa. "Askari mstaafu akiingia kule ndani unajua wanamfanyaje. Wamo niliowapeleka mimi mwenyewe. Na hii nani atanifanyia, mama? Mfungwa gani atapiga magoti hapo ulipo?"

Dorotea alimaliza kumsafisha, akafunga mkanda, akaenda kumwaga. Alikaa muda mrefu chooni bila haja yoyote.

*

Siku mbili baadaye Akeyo alimfuata kisimani wakati wa kuchota maji. Aliongea haraka, kama mtu aliyerudiarudia maneno yake. Alikuwa amemuuliza wakili, na wakili amesema kama mzee hataki, basi mtu aliyemsikia mzee akisema, tena zaidi ya mara moja, tena mtu wa ndani ya nyumba yake, kiapo chake kinaweza kusaidia ombi. Si sawa na cha mzee. Lakini ni afadhali ya mikono mitupu.

"Mama, wewe umesikia mara ngapi?"

"Mara nyingi, mwanangu," Dorotea alisema. Na kwa kuwa ilikuwa kweli, na kwa kuwa kuisema kulimpa nafuu ya ajabu kifuani, akaongeza kwamba Alhamisi atakwenda naye.

Hakumficha mumewe. Alhamisi asubuhi alimwambia anakokwenda, akangoja matusi. Matusi hayakuja. Masele alikuwa amekaa kitandani, shati halijafungwa vifungo, akasema tu, "Nibadilishie kwanza, ndipo uende." Akambadilishia.

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati. Wakili mwenyewe aliitwa Winnie, msichana ambaye Dorotea angeweza kumzaa, naye alimwamkia kwa kupiga goti kidogo, akampa kiti kizuri na maji ya chupa. Alimsikiliza kwa saa nzima. Alimuuliza nani alisema nini, nani alikuwa ameketi wapi, maneno yalikuwa yapi hasa. Dorotea alieleza vizuri, alijishangaa alivyokumbuka. Winnie aliandika kwenye kompyuta, akachapa, akamsomea. Karatasi mbili. Zilipokuwa zikisomwa, Akeyo alilia bila sauti, akijifuta kwa ncha ya kitenge, na akaomba radhi kwa kulia.

"Ni sawa, mama? Ndivyo ulivyosikia?"

"Ndivyo."

Winnie akasogeza kalamu. Dorotea aliishika, akaiweka juu ya mstari, kisha akauliza alilokuwa amelibeba tangu asubuhi. "Nikiweka sahihi, yeye watamfanya nini?"

Wakili alikuwa mwaminifu, na huenda uaminifu ndio ulioharibu. Alisema hawezi kumdanganya mama mtu mzima. Huenda wasimfanye lolote. Huenda pia wakamhoji, na wakimhoji huenda wakamshtaki, kwa kuwa kutengeneza ushahidi ni kosa ambalo halizeeki.

"Na mtu mgonjwa, anayehitaji kusafishwa, wanamweka wapi?"

"Mahabusu wana zahanati, mama."

"Umewahi kuiona?"

Winnie akainamisha macho kwenye kompyuta, na hilo lilitosha. Dorotea alimfikiria Okeyo, mtu asiyemjua, akiwa na mguu mmoja na wa pili unaoza. Alimwonea huruma. Nasema kweli, alimwonea huruma. Lakini Okeyo hakuwa na sura, na Masele alikuwa nayo, alikuwa ameketi kitandani Igoma shati likiwa wazi, akingoja zamu ya saa nane. Mkuki kwa nguruwe, walisema wahenga, na wahenga hawakukosea.

Akaiweka kalamu chini.

"Mimi sikusikia vizuri," alisema. "Nilikuwa jikoni."

Winnie akageuza macho dirishani.

"Mama," Akeyo alisema taratibu, kama anayemkumbusha mgonjwa. "Ulikuwa umesimama nyuma yake. Ulikuwa umeshika birika."

"Nilikuwa jikoni, mwanangu."

Kama binti angemtukana ingekuwa rahisi. Aliinuka, akamshika mkono kumsaidia kunyanyuka, akamsindikiza ngazi zote mpaka chini kwa sababu ngazi zilikuwa hazina ukingo wa kushika. Barabarani akamwambia apite salama, yeye ana vifungo vya kununua mjini.

*

Akeyo hakungoja mwisho wa mwezi. Jumatatu alipakia cherehani kwenye bajaji, akapiga deki chumba mpaka kwenye pembe, akamkabidhi Dorotea ufunguo kwa mikono miwili. Alisema anahamia Nansio kwa rafiki yake. Masele alibaki ndani. Redio ilikuwa juu sana.

Wiki tatu wazee hawakuja. Wiki ya nne Chenge alipita peke yake, kama kipimo, akanywa kikombe kimoja. Jumamosi iliyofuata Mashimba naye akaja bila koti, akakaa kwenye kiti chake, na baada ya habari za mvua na bei ya sato akasema amepata taarifa kutoka kwa kijana mmoja wa magereza. Okeyo amefariki siku kumi zilizopita. Mguu ule wa pili.

"Mungu amrehemu," Chenge alisema.

"Amrehemu," Masele aliitika. Dorotea, aliyekuwa akimimina chai, alimwona mumewe akishusha mabega, pumzi ikimtoka polepole, na akaelewa kwamba ile ilikuwa pumzi ya nafuu. Lililomwumiza zaidi ni kwamba yake mwenyewe ilitoka pamoja nayo.

Walikaa kimya kwa heshima ya marehemu kadiri ya kikombe nusu. Kisha Mashimba akakohoa.

"Lakini yule binti alikuwa na mbinu," alisema. "Miezi minne ndani ya nyumba ya askari! Kati yetu nani angeweza?"

Chenge akakubali kwamba ni kweli, msichana yule angeingizwa upelelezi angefika mbali. Masele akasema yeye tangu mwanzo alimtilia shaka, jambo ambalo halikuwa kweli. Wakaanza kuipanga, huyu akiongeza hiki, yule kile: jinsi Mashimba alivyomsimamisha uani, jinsi alivyombana kwa maswali. Binti katika hadithi yao alikuwa amekwisha kuanza kutetemeka, kitu ambacho hakukifanya hata kidogo. Dorotea aliisikia ikiota miguu mbele yake. Alijua kwamba Jumamosi ijayo itakuwa imekamilika, na kwamba itasimuliwa hapa mpaka wa mwisho wao azikwe.

"Na wakili naye akajiona amefika," Mashimba aliendelea, maana Masele alikwisha kumsimulia. "Karatasi mezani, kalamu mkononi mwa mama. Kumbe hamjui huyu ni mke wa nani." Akageuka kumtazama Dorotea, kwa sifa ya kweli, ya mkubwa kwa askari wake. Katika miaka yote ya kunywa chai yake hakuwahi kumtazama hivyo. "Hebu tuambie mwenyewe, mama. Ulimjibuje?"

Masele akamsogezea nafasi kwenye benchi. Dorotea hakuwahi kuketi pale Jumamosi. Alitazama ua, akatazama mlango wa chumba kilichokuwa bado hakijapata mpangaji, na kwa kitambo kifupi alikuwa na nguvu ya kukataa. Aliihisi mwilini, ipo. Kisha akaketi.

"Nikamwambia nilikuwa jikoni," alisema.

Wakacheka. Chenge akauliza wakili alifanya uso gani. Dorotea akamweleza alivyofanya, na alipofika hapo akaona naye ametia chumvi kidogo.